Klabu ya Pauni Moja: Kabla Hujashangilia Tajiri, Omba Kuona Hesabu

Kuna tabia moja ya mashabiki wa mpira hapa Kenya ambayo lazima tuiongelee bila kufichana. Timu ikianza kuyumba kifedha, swali letu la kwanza huwa ni moja: kuna tajiri anakuja? Tukisikia tu fununu ya jina la bilionea, tushampangia kikosi na tushamnunulia mshambuliaji.

Mnakumbuka 2023, vile mashabiki wa Manchester United walikuwa wanamngoja Sheikh Jassim wa Qatar kama mkulima anangoja masika? Shabiki wa huku alikuwa hajaona mpango wake. Hakujua atafanya nini na wafanyakazi, na tiketi, na uwanja. Jibu lilikuwa "aje tu, ako na pesa." Mwezi wa kumi akajitoa. Akaingia Sir Jim Ratcliffe na hisa zaidi ya robo, na 2024 hiyohiyo klabu ikatangaza kupunguza kazi kama 250. Tajiri alikuja, na watu wa kawaida wakaenda nyumbani.

Sisemi tajiri ni mtu mbaya. Nasema swali letu ndilo baya. "Ako na pesa ngapi?" halitoshi kuokoa klabu yoyote. Swali la maana ni hili: nani ana haki ya kuona hesabu, na anaziona lini? Kabla mtu hajaingia, ama baada ya mambo kuharibika?

Nataka niwapeleke kwa klabu moja ndogo ya Uingereza inaitwa Bury, kwa sababu huo ndio mfano safi zaidi naujua wa vile timu inakufa watu wote wakiwa wanaangalia. Halafu tutarudi nyumbani, maana msimu huohuo Bury ilipozikwa, kuna timu yetu pia ilizikwa, na sisi tulikuwa bize na Ligi Kuu ya Uingereza.

Timu ya miaka 134

Bury ni mji mdogo kaskazini mwa Manchester. Ukitoka katikati ya Manchester kwa tramu, ni kama nusu saa tu. Yaani wewe ni timu ndogo na majirani zako ni United na City. Hata hivyo hawa watu walianzisha klabu yao 1885, wakaingia ligi 1894, na uwanja wao ulikuwa Gigg Lane tangu mwanzo.

Na si ati hawakuwahi kushinda kitu. Walichukua Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Hiyo ya 1903 waliipiga Derby County 6-0 kwenye fainali, na katika mashindano yote hawakufungwa hata bao moja. Hiyo rekodi ya ushindi mkubwa kwenye fainali ilikaa miaka 116 bila kufikiwa, mpaka Manchester City ya Guardiola ilipoifunga Watford 6-0 mwezi wa tano 2019. Miezi mitatu baadaye, Bury ikatupwa nje ya ligi.

Ilifikaje hapo? Kuanzia 2013 klabu ilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara wa majengo, Stewart Day. Alileta wachezaji, akalipa mishahara ambayo klabu ya kiwango kile haingeweza kujilipia kwa tiketi na jezi. Shabiki gani angekataa? Lakini mapato hayakufikia matumizi, kwa hivyo pengo likawa linajazwa na pesa yake na mikopo. Uwanja ukawekwa rehani. Ilifika mahali mpaka nafasi za kuegesha magari pale Gigg Lane ziliuzwa kwa wawekezaji, moja moja, kama ploti.

Halafu biashara zake za majengo zikayumba, na klabu ikayumba nazo. Ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja, na huo mguu haukuwa wa klabu.

Desemba 2018 akaiuza kwa mtu anaitwa Steve Dale. Bei ilikuwa pauni moja.

Pauni moja inanunua nini?

Wakati huo pauni moja ilikuwa kama shilingi 130. Nauli ya kuenda tao na kurudi. Mtu akisikia hivyo anadhani ni bahati ya mwaka, lakini hakuna klabu inauzwa pauni moja kwa sababu mwenye nayo ana roho safi. Inauzwa hivyo kwa sababu ukiinunua, unabeba na madeni yake.

Chukua mfano wa matatu. Jamaa anakuuzia matatu yake kwa shilingi moja. Unafurahi, unapiga picha ukiwa umeshika usukani. Kesho yake benki inakupigia: logbuku iko kwao, gari lina mkopo. Fundi anakuja, injini ilifanywa kwa deni. Dereva na makanga hawajalipwa. Bima inaisha wiki ijayo. Hapo hujanunua matatu, umenunua foleni ya watu wanaokudai. Kama huna pesa ya kutuliza hao watu na bado uweke mafuta kila asubuhi, hilo gari halitoki steji, hata liwe na muziki na grafiti kali kuliko yote ya hiyo ruti.

Kwa hivyo mtu akinunua klabu kwa pauni moja, usimuulize kama ana pauni moja. Muulize kama ana pesa ya kulipa madeni yaliyopo na kuendesha timu mwaka ujao. Hilo swali ndilo lilipita Bury bila jibu. Wasimamizi wa ligi, EFL, waliacha Dale achukue klabu kabla hajawaonyesha ushahidi wa pesa wanaotaka. Wakaanza kumuomba huo ushahidi akiwa tayari ako ndani. Ni kama mwenye nyumba anayekupa funguo kwanza, halafu miezi sita baadaye ndio anakuuliza kama una kazi.

Na Dale mwenyewe alisema redioni kwamba kabla ya hiyo biashara hakuwa hata anajua kuna timu inaitwa Bury. Soma hiyo tena polepole. Klabu ya miaka zaidi ya 130, na mwenyewe hakuwa amewahi kuisikia.

Kupanda daraja bila mshahara

Hapa ndipo inauma. Msimu huo wa 2018/19 wachezaji wa Bury walikuwa moto. Chini ya kocha Ryan Lowe walimaliza wa pili katika daraja la nne, wakapanda. Walifanya hivyo huku mishahara ikikosa kuingia. Fikiria unaenda kazini, unakuwa mfanyakazi bora, na mwisho wa mwezi simu yako haitoi ule mlio wa pesa kuingia.

Hii ni kitu mashabiki tunasahau kila siku. Jedwali la ligi halionyeshi deni. Timu inaweza kuwa inapanda uwanjani huku inazama ofisini, na sisi tunaangalia uwanjani peke yake kwa sababu huko ndiko kuna kamera.

Julai 2019 klabu ikafanya mapatano na wadai. Wadai wa kawaida wangelipwa robo tu ya pesa yao. Yaani kama ulikuwa umefanyia klabu kazi ya 100,000, unaambiwa chukua 25,000 na usahau zingine.

Agosti ligi ikaanza na Bury haikuanza. Mechi moja baada ya nyingine zikaahirishwa, maana klabu haikuthibitisha kwamba inaweza kujigharamia msimu mzima. EFL ikaweka siku ya mwisho, ikasogeza, ikaweka nyingine. Mkurugenzi mmoja wa zamani alijifunga pingu kwenye bomba la maji nje ya uwanja kupinga kinachoendelea. Halafu kukatokea mnunuzi, kampuni inaitwa C&N Sporting Risk, na watu wakaanza kupumua.

Tarehe 27 Agosti, siku ya mwisho kabisa, mamia ya mashabiki walienda Gigg Lane na mafagio na ndoo. Wakaosha viti, wakafagia, wakapanguza milango. Walikuwa wanaandaa uwanja kwa mechi ya wikendi. Mwisho ulikuwa saa kumi na moja jioni. Kabla hiyo saa ifike, C&N wakatangaza wamejitoa, mambo ya hiyo klabu yamefungamana kupita walivyodhani. Usiku huo Bury ikafukuzwa ligi, baada ya miaka 125 ndani yake.

Sasa angalia mpangilio wa matukio. Mtu wa nje alipokaa chini akafungua vitabu, alikimbia. Vile vitabu vingefunguliwa Desemba, kabla ya ile pauni moja kubadilisha mikono, kungekuwa na miezi nane ya kutafuta suluhisho. Vilifunguliwa wiki ya mwisho. Wenye mafagio ndio walikuwa watu wa mwisho kuambiwa ukweli, na ndio walikuwa wamekaa hapo muda mrefu zaidi.

"Lakini Bolton iliokolewa!"

Najua kuna mtu ashaandaa jibu. Bolton Wanderers, majirani wa Bury, walikuwa kwa shida kama hiyo wakati huohuo. Wao walipata mnunuzi, na 28 Agosti, siku moja tu baada ya Bury kufukuzwa, dili lao likakamilika. Leo bado wapo. Si hiyo inaonyesha tajiri anaokoa?

Inaonyesha bahati inaokoa. Timu mbili jirani, shida moja, wiki moja. Moja ilipata mtu, ingine ikakosa. Kama uhai wa timu unategemea kama kuna mtu atashika simu kabla ya saa kumi na moja, huo si mfumo, hiyo ni kamari. Na sisi Wakenya tunajua kamari vizuri.

Na usidhani ni timu ndogo peke yake. Rangers ya Glasgow, moja ya klabu kubwa zaidi Scotland, iliuzwa 2011 kwa Craig Whyte. Bei? Pauni moja pia. Makubaliano yalikuwa alipe deni la benki, kama pauni milioni 18. Akalilipa. Lakini pesa aliipata wapi? Aliuza mapema tiketi za misimu ijayo za Rangers kwa kampuni moja ya fedha. Yaani pesa ambayo mashabiki walikuwa bado hawajaitoa mfukoni ndiyo ilitumika kumnunulia mtu klabu yao. Kodi ikakosa kulipwa, na 14 Februari 2012 klabu ikaingia chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mwishowe ilianza upya daraja la nne. Mashabiki zaidi ya 49,000 walijaa Ibrox kuangalia mechi ya ligi ya daraja la nne. Sasa huo ndio upendo.

Whyte alishtakiwa kwa ulaghai na 2017 mahakama ikamwachilia huru. Hii ndiyo sehemu inaniogopesha zaidi. Ukisema wote wanaoangusha klabu ni wezi, unajifariji. Klabu inaweza kuanguka bila mtu yeyote kupatikana na hatia. Kwa hivyo polisi na mahakama si ulinzi. Wao huja kukiwa kushateketea.

Tajiri mzuri naye?

Haya, tuseme umepata tajiri wa ukweli, mwenye pesa na mapenzi. Wana Chelsea mnajua hii. Roman Abramovich aliweka pesa kama hana akili nzuri, mataji yakaja, Afrika nzima ikavaa bluu. Halafu 10 Machi 2022 serikali ya Uingereza ikamwekea vikwazo kwa sababu ya vita vya Ukraine. Kufumba na kufumbua, klabu iliyokuwa bingwa wa Ulaya haikuruhusiwa kuuza tiketi mpya wala jezi dukani. Ilikuwa inamdai? Hapana, yeye ndiye alikuwa anaidai klabu, zaidi ya pauni bilioni 1.5. Chelsea ilinusurika kwa sababu ni Chelsea, na wanunuzi walipanga laini. Bury haikuwa na laini.

Somo si kwamba Abramovich alikuwa mwenye klabu mbaya. Somo ni kwamba klabu iliyofungwa kwa mtu mmoja inaugua magonjwa ya huyo mtu. Akifilisika, inafilisika. Akigombana na serikali, inagombana na serikali. Akichoka, inauzwa.

Sasa kuna wale wanasema basi wanachama wamiliki klabu, mambo yaishe. Mimi hiyo naipenda, lakini tusidanganyane. Barcelona ni ya wanachama. Ilifika 2021 ikiwa na madeni ya zaidi ya euro bilioni moja, na Agosti hiyo Messi akasimama mbele ya kamera akilia kwa sababu klabu haikuweza kumsajili tena chini ya kanuni za fedha za La Liga. Wanachama walikuwepo. Walipiga kura. Lakini viongozi walitumia pesa ya kesho kununua makofi ya leo, na waliouliza mapema hawakusikizwa mpaka moshi ukaonekana.

Kwa hivyo si jina la mwenye klabu linaloiokoa. Ni kama kuna mtu mwenye haki ya kufungua vitabu mapema, na kama huyo mtu huitumia hiyo haki hata timu ikiwa inashinda. Hasa timu ikiwa inashinda.

Sasa turudi nyumbani

Mwaka huohuo wa 2019, SportPesa ilikosa kuhuishiwa leseni hapa Kenya. Udhamini wa Ligi Kuu yetu ukakatika. Wa Gor Mahia ukakatika. Wa AFC Leopards ukakatika. Kampuni moja ilikuwa imebeba karibu nyumba yote, na ilipotoka, paa ikashuka. Mguu mmoja, kama Bury.

Na kuna timu ilianguka kabisa. SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya 2006. Ilitegemea kampuni ya sukari ambayo yenyewe ilikuwa inahangaika. Msimu wa 2019/20 ikashindwa kufika kwenye mechi tatu, na kanuni za ligi zikasema kwaheri. Bingwa wa zamani wa nchi akaondolewa ligi katikati ya msimu kwa kukosa pesa ya kufika uwanjani. Kuhusu Bury kuliandikwa vitabu na bunge la Uingereza likaongea. Kuhusu SoNy Sugar, wengi wenu mnasikia hii stori hapa kwangu leo.

Gor na Ingwe hawakufa, na sifa ziende kwa mashabiki waliochanga na wachezaji waliovumilia mishahara kuchelewa. Lakini angalia hali. Hizi ni klabu za jamii. Ingwe ilizaliwa 1964, Gor 1968. Gor ilichukua Kombe la Washindi Afrika 1987. Mpaka leo zote zinacheza kwenye viwanja vya umma, hazina vyao. Zote mbili zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya kutolipa wachezaji ama makocha wa zamani. Kwa hivyo hakuna kitu cha Bury ambacho ni kigeni kwetu. Tofauti ni kwamba sisi hatujapata hata mtu wa kutununua kwa pauni moja.

Ndiyo maana kila mwaka nasikia wimbo uleule: klabu zetu zifanywe kampuni, mwekezaji aingie, siasa za mkutano wa wanachama ziishe. Naelewa hasira hiyo. Kungoja mchezaji wa timu ya taifa akichangiwa nauli ni aibu. Lakini mwekezaji anayeingia kwa nyumba isiyo na hesabu anakuja kwa sababu mbili tu. Ama haelewi anachonunua, na atakimbia kama C&N. Ama anaelewa vizuri sana, na hapo ni wewe ndiye huelewi.

Nikwambie kitu cha mtaani kwetu. Tuna timu yetu ya estate, inacheza ligi za chini. Watu tulikuwa tunachanga soo soo kila wiki kwa M-Pesa ya mweka hazina: mipira, jezi, nauli ya mechi za ugenini. Siku moja nikauliza kwa upole, "Ankal, tunaeza ona daftari?" Nikajibiwa kwamba vijana wa siku hizi hatuna heshima, na kwamba kama sina imani na timu nitafute ingine. Wazee wawili wakatikisa kichwa, mambo yakaisha hapo. Daftari mpaka leo sijaliona, na timu ilikosa mechi mbili za ugenini msimu huo kwa kukosa nauli.

Sisemi pesa iliibwa. Huenda hata haikuibwa. Ninachosema ni kwamba tumefanya kuuliza kuwe ni usaliti. Ukiuliza hesabu, wewe ni heta. Ukinyamaza na kuimba, wewe ni shabiki wa ukweli. Hiyo tabia iko estate, iko Awendo, ilikuwa Bury, ilikuwa Barcelona. Hiyo ndiyo inaua klabu, kabla ya deni lolote.

Mambo matatu kabla ya makofi

Kwa hivyo kesho tajiri akitokea kwa klabu unayoipenda, awe ni Mwarabu, Mmarekani ama mheshimiwa wa kaunti yenu mwenye V8 tatu, mimi nasema aingie. Lakini kuna mambo matatu.

La kwanza, aonyeshe pesa kabla ya funguo. Si picha na mkataba wa maua. Aonyeshe pesa ya kulipa madeni na kuendesha timu angalau msimu mzima, na ilitoka wapi. Kama ni mkopo, nani atalipa? Familia ya Glazer iliponunua Manchester United 2005, sehemu kubwa ya deni la kununulia ilibebeshwa klabu yenyewe. Hilo swali lingefaa kupata jibu siku ya kwanza, si baada ya miaka 18 ya mabango.

La pili, kuna vitu haviuzwi: jina, rangi, nembo, na uwanja kama upo. Gigg Lane ilipowekwa rehani, uhai wa Bury uliwekwa rehani. Hata kama mwekezaji anamiliki asilimia 90, hivyo vitu vibaki na sauti ya wanachama.

La tatu, hesabu zisomwe kila mwaka mbele ya wanachama, zikiwa zimekaguliwa na mtu wa nje, timu iwe ya kwanza ama ya mwisho. Mkutano wa mwaka usiwe wa kugawa tisheti na kuchagua kwa ukoo.

Ukidhani hii ni ndoto, Uingereza wenyewe wameifanya sheria. Baada ya Bury kufukuzwa, na baada ya vilio vingine, kulifanywa uchunguzi ulioongozwa na Tracey Crouch, ukatoka 2021. Julai 2025 Sheria ya Usimamizi wa Soka ikapita, ikaunda msimamizi huru wa kuchunguza wenye klabu na pesa yao, na kulinda viwanja, nembo na rangi. Ilichukua karibu miaka sita. Sisi hatuna haja ya kungoja bunge kwa kila kitu. Katiba ya klabu inaweza kubadilishwa na wanachama wenyewe, kama wanachama wapo.

Na hapo ndipo kuna shida. Uko na jezi tatu za Arsenal na uanachama wa klabu yako ya nyumbani huna. Huwezi kupiga kura. Huwezi kudai kitabu. Kazi yako imebaki kulalamika na kungoja mwokozi.

Mashabiki wa Bury walijifunza kwa njia ngumu. Walianzisha timu mpya, wakaanza chini kabisa wakicheza kwa uwanja wa jirani. 2022 uwanja wa Gigg Lane ukanunuliwa na kikundi cha mashabiki, kwa msaada wa pauni milioni moja kutoka mfuko wa serikali wa kusaidia jamii kumiliki mali. Makundi mawili ya mashabiki yaliyokuwa hayaelewani yakaungana, na 2023 timu inayoitwa Bury ikacheza tena Gigg Lane. Daraja la tisa. Watu maelfu wakaenda kuangalia mpira wa daraja la tisa, na safari hii klabu ni yao.

Lakini daraja la tisa ni mbali sana na la tatu. Hiyo ndiyo bei ya kuuliza umechelewa. Kama una sauti ya kuimba dakika 90, unayo ya kuuliza swali moja kwenye mkutano wa klabu yako. Chukua uanachama, enda, inua mkono, uliza hesabu ziko wapi. Wakikuita heta, kaa hapohapo na uulize tena.